Usimuue kabla hujamtazama mdomo: namna ya kumtambua kunguni mwindaji wa mitini

Mbele ya parseli yangu hapa Bel-Air, mjini Lubumbashi, umesimama mjakaranda wa tangu zamani. Kiangazi kikielekea mwisho unavua majani, Septemba na Oktoba unavaa maua ya zambarau, na maua yakianza kuanguka vinachomoza vichipukizi laini. Vichipukizi hivyo ndivyo vinavyowaita vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaonyonya utomvu wa mimea. Kabla juma halijaisha ncha za matawi zimejaa, majani yanajikunja, na chini, kwenye magari na kwenye meza ya kijana anayeuza kadi za simu, kunadondoka ule utamu unaonata. Hapo ndipo majirani wanapokuja kuniuliza dawa.

“Kambo, tududu tumerudi tena,” mjukuu wangu aliniambia mwaka jana. “Nilete pompi?”

“Acha pompi, baba. Leta lupe.”

Lupe ni kile kioo kidogo cha kukuzia vitu. Nilimjibu hivyo kwa sababu siku chache nyuma ya vidukari hufika mdudu mwingine. Ana ukubwa wa punje ya mtama, rangi yake kahawia iliyokolea, na anang'aa kama kiti kilichopakwa vanishi. Anakimbia upesi juu ya jani, anasimama ghafla, anapapasa kwa vipapasio vyake, anakimbia tena. Mtu akimwona katikati ya vidukari humhesabu kuwa mmoja wao, tena mkubwa wao, na humuua wa kwanza. Kumbe huyo ndiye aliyekuja kuwala.

Nilifundisha biolojia katika sekondari kwa miaka 28, na sasa nina pepinyeri ndogo, yaani kitalu cha miche, nyuma ya nyumba: miche ya maembe, avoka, mapera, mijakaranda, na michache ya masuku ninayoijaribu. Nasema haya ili mjue kwamba nami nilikosea. Mwaka 2016 nilinunua sokoni chupa ya dawa isiyo na karatasi wala jina, nikaipiga miche yote na matawi ya chini ya mjakaranda. Siku mbili pakawa safi kabisa. Baada ya majuma matatu vidukari walirudi wengi kuliko mwanzo, na safari hii hakuonekana hata mwindaji mmoja. Niliumia, maana sababu yake nilikuwa nikiwafundisha watoto ubaoni: kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto walio hai, na mtoto anapozaliwa tayari ana wake tumboni wanaoanza kukua. Mwindaji lazima atafute mwenzake, achome mayai ndani ya shina laini, watoto waanguliwe, wajivue ngozi mara tano ndipo wapate mabawa. Ukiwaua wote siku moja, anayerudi kwanza ni mwenye kuzaa haraka.

Tangu hapo nimejizoeza kuwatambua. Naandika namna ninavyofanya, hatua kwa hatua, jinsi ninavyomwelekeza mjukuu wangu.

Vitu vya kuwa navyo

Lupe inayokuza mara 10. Hiyo peke yake ndiyo ya kununua, na ukikosa, simu yenye kamera nzuri inatosha kwa mambo mengi: piga picha kwa karibu, kisha ivute kwa vidole. Kitambaa cheupe au mwavuli mweupe uliogeuzwa juu chini. Fimbo fupi. Chupa mbili ndogo za kioo zenye vifuniko, zile za dawa ya sindano zilizosafishwa vizuri. Kalamu na daftari.

Nenda asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kabla jua halijakaza. Wadudu hawa wakipata joto huruka, na utabaki ukitazama jani tupu. Shika kitambaa chini ya tawi, lipige tawi mara mbili tatu kwa fimbo, pigo fupi na kavu, usilivunje. Wataanguka: vidukari, buibui wadogo, sisimizi, majani makavu, na kama bahati ipo, mwindaji. Mtafute yule anayekimbia. Vidukari wakianguka hubaki wakichezesha miguu polepole, mwindaji hakai.

Lakini kabla ya kupiga tawi, tazama kwanza. Simama dakika tano bila kuligusa. Tabia ya mdudu juu ya jani inakwambia mengi kuliko umbo lake juu ya kitambaa, na ukishampiga umeipoteza tabia hiyo.

Kwanza: je, ni kunguni kweli?

Tukisema kunguni, kila mtu hapa hufikiri yule wa kitandani. Huyo ni ndugu mmoja tu katika kabila kubwa. Ninaowasema mimi ni kunguni wa mimea wa ukoo wa Miridae, ukoo ulio mkubwa kuliko koo zote za kunguni duniani, wenye spishi zaidi ya 11,000. Wengi wao hunyonya mimea. Baadhi huwinda. Na wengine, hili nitalirudia, hufanya yote mawili.

Kunguni yeyote ana mdomo wa sindano, si wa kutafuna. Mgeuze mdudu chali ndani ya chupa, utaona mrija mwembamba umelazwa chini ya kichwa, ukipita katikati ya miguu. Ukiona meno ya kubana, huyo ni mbawakawa au mwingine, acha. Halafu tazama mgongo. Mbawakawa ana mstari mmoja ulionyooka katikati ya mgongo, pale mabawa magumu yanapokutana. Kunguni mabawa yake hupishana: sehemu ya mbele ngumu kama ngozi, sehemu ya nyuma nyepesi na angavu, na yakilala moja juu ya jingine mgongoni hutokea alama kama X. Katikati ya mabega kuna pembetatu ndogo. Hiyo X na pembetatu, mtoto wa miaka saba anaziona bila lupe akishaonyeshwa mara moja.

Pili: je, ni wa ukoo huo?

Hapa lupe inahitajika. Fuata ukingo wa bawa kuelekea nyuma. Karibu na mahali ambapo sehemu ngumu inakwisha, kuna mkunjo, na baada ya mkunjo kipande kidogo chenye pembe tatu. Kuanzia hapo bawa huinama kuelekea chini, kama bati la baraza linavyoshuka kutoka kwenye paa. Ukiwa umemtazama kwa ubavu, mgongo wake unaonekana umevunjika kidogo karibu na mwisho. Kipande hicho ndicho kitambulisho cha kwanza. Kitambulisho cha pili kiko kwenye ile sehemu angavu ya bawa: mishipa yake inachora kijumba kimoja au viwili vilivyofungwa pande zote, kama herufi D. Cha tatu ni macho. Kunguni wengi wana macho mawili makubwa pembeni na vijicho viwili vidogo sana juu ya kichwa, vinavyong'aa kama tone la maji. Hawa wa Miridae hawana vijicho hivyo, isipokuwa kikundi kidogo. Vipapasio vina vipande vinne.

Usikate tamaa usipoona vyote siku ya kwanza. Mimi niliwatazama watu wa ukoo huu msimu mzima kabla jicho halijazoea kijumba cha bawa. Ila ule mgongo ulioinama mwishoni nilianza kuuona mapema, na hadi leo ndio ninaouamini kuliko vyote.

Tatu: mwindaji au mnyonyaji?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi wanapohukumu kwa rangi. Rangi inadanganya. Kuna wa kijani wanaoua utitiri na wa kijani wanaoharibu maua, wote wakiwa juu ya mti mmoja.

Kundi la wawindaji ninalolikuta mara nyingi ni jenasi inayoitwa Deraeocoris. Iko Afrika, iko Ulaya, iko Asia na Marekani. Sifa zake ni hizi. Mgongo unang'aa, hauna vumbi la manyoya laini. Juu ya bega, yaani ile ngao iliyo nyuma ya kichwa, kuna vishimo vidogo vidogo vingi kama vya subana, uso wa kidole cha chuma ambacho fundi cherehani huvaa. Kati ya kichwa na bega kuna pete nyembamba, mfano wa kola ya shati. Mwili ni wa duara refu, umejaa, si mwembamba. Vishimo, mng'ao, na kola: vitatu hivi vikiwa pamoja juu ya mti wenye vidukari, nampa mdudu huyo heshima ya mgeni na siui.

Jina la spishi ni kazi ya mtaalamu mwenye hadubini na sanduku la wadudu waliokaushwa. Mwenye mti anahitaji kujua mdudu anakula nini.

Sasa wa kuwaogopa. Yuko mwembamba, miguu mirefu, vipapasio virefu kuliko mwili, anayefanana na mbu aliyetua. Mtazame mgongoni kwa ubavu: kama kuna kimsumari kimesimama wima, kina kichwa cha duara juu kama pini ya mshonaji, huyo ni Helopeltis. Huchoma majani machanga na matunda, na kila alipochoma panabaki doa jeusi lililokufa. Wenye mikorosho, chai na kakao wanamjua kwa uchungu. Mmoja wao, Helopeltis schoutedeni, amepewa jina la Henri Schouteden, Mbelgiji aliyetumia maisha yake kuchunguza wanyama wa Kongo na kuliongoza jumba la makumbusho la Tervuren. Kile kimsumari hakina mfano, kwa hiyo ukikiona hakuna sababu ya kubishana.

Na yuko wa katikati, anayenitesa roho: Nesidiocoris tenuis, mwembamba, kijani, wa kwenye nyanya. Anakula inzi weupe vizuri sana. Inzi weupe wakiisha, anageukia shina la nyanya na kulichoma mpaka linapata pete za kahawia, na tawi linakatikia hapo. Namtaja ingawa si wa mitini, ili mtu asidhani kuna ukuta kati ya mwindaji na mnyonyaji. Kuna wanaoingia pande zote mbili kulingana na njaa.

Kwa hiyo umbo linakupa ukoo. Kazi yake inaonekana mdomoni. Mwindaji akimkaribia kidukari hupunguza mwendo, hunyoosha vipapasio mbele, kisha ule mrija uliokuwa umelala kifuani huuzungusha mbele kama mtu anayefungua kisu cha kukunja. Anachoma mara moja, mara nyingi kwenye ubavu au kwenye kiungo cha mguu palipo laini. Anatia mate yanayoyeyusha nyama ya ndani, kisha anafyonza. Kidukari anabaki ametundikwa mwishoni mwa mdomo huku akisinyaa, na mwindaji anaweza kutembea naye hivyo hivyo. Akimaliza anaacha ngozi tupu imekunjamana. Ngozi hizo usizichanganye na zile nyeupe ambazo vidukari wenyewe huzivua wanapokua: ya kuvuliwa ni safi, imepasuka mgongoni, ina umbo kamili la mdudu, ya aliyeuawa imeporomoka kama puto lililotoka hewa.

Ukibaki na shaka, fanya jaribio la chupa. Chukua chupa zako mbili. Kila moja tia kipande cha jani kibichi chenye vidukari 12, na kipande kidogo cha karatasi kilicholowa. Chupa ya kwanza mtie mdudu unayemshuku, ya pili usimtie. Funika kwa kitambaa chepesi kilichokazwa na mpira, weka kivulini usiku mmoja. Asubuhi hesabu. Nilipofanya hivyo na mjukuu wangu, chupa yenye mdudu ilikuwa na vidukari watatu hai na ngozi tisa zilizosinyaa. Nyingine ilikuwa na 12 na watoto juu yake. Tafadhali usiiache ile chupa ya pili, hata ukiwa na haraka. Bila hiyo hujui kama waliokufa waliuawa au walikosa hewa. Nilikuwa nikikata alama za wanafunzi kwa kosa hilo, na leo ningezikata tena.

Mtoto wake, ambaye ndiye anayeuawa zaidi

Mkubwa mwenye mabawa, watu wawili kati ya kumi wanaweza kumsamehe kwa uzuri wake. Mtoto wake hapati msamaha. Hana mabawa, kwa hiyo X haipo, kipande cha pembetatu hakipo, vijumba havipo. Na anafanana na mharibifu kabisa.

Nilielewa hili vizuri kwa sababu ya mtoto wa dada yangu anayeishi Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Mbele ya nyumba anayopanga kuna mwaloni. Alinipigia akiwa na wasiwasi: mwenye nyumba alitaka kupiga dawa kwa sababu ya tududu tweupe. Akanitumia picha. Niliona kitu cha kijivu kilichofifia, kimefunikwa na unga mweupe kama pamba iliyochambuliwa. Nami nikadhani ni kidung'ata, yule anayenyonya na kujifunika nta.

Nikamwambia amguse kwa ncha ya jani la nyasi.

“Mama mudogo, iko nakimbia sana!”

Basi, si kidung'ata. Kidung'ata ukimgusa husogea kama mzee anayetafuta viatu vyake. Mara nyingi hasogei kabisa. Nikamwambia amtafute mkubwa wake kwenye tawi hilohilo. Baada ya nusu saa picha ikaja: milimita nne hivi, kahawia yenye kijani kilichokolea, anang'aa, mabawa angavu pembeni yenye madoa meusi yaliyofifia. Alikuwa Deraeocoris nebulosus, kunguni mwindaji wa kawaida sana kwenye miti ya huko inayopukutisha majani. Hilo jina la pili kwa Kilatini maana yake ni mwenye mawingu, na ukitazama madoa ya bawa lake unaona ni kweli. Anakula vidukari, utitiri, inzi weupe na wadudu-magamba. Watoto wake ndio hao wenye unga mweupe, na watu wa huko nao huwachanganya na vidung'ata.

Siku iliyofuata niliuendea mjakaranda wangu nikiwa na mawazo mapya. Huku kwetu mjakaranda una adui wake maalumu, Insignorthezia insignis, aliyetoka Amerika ya tropiki na kuenea Afrika: jike lake limevaa sahani za nta nyeupe na kuburuta nyuma yake mfuko mrefu mweupe wa mayai, wenye mistari kama kipande cha chaki kilichochongwa. Kwa hiyo chochote cheupe kwenye tawi nilikuwa nakisugua kwa kitambaa chenye sabuni. Kumbe kati ya nilivyosugua, sijui walikuwa watoto wangapi wa mwindaji. Maana niliwakuta: wadogo, kijivu, wenye unga na manyoya machache yaliyosimama, wakikimbia kati ya vidukari.

Basi, kwa mtoto asiye na mabawa, tumia mambo haya. Mguse: anakimbia au anabaki? Tazama miguu na vipapasio: vya mwindaji ni virefu, vinaonekana wazi nje ya mwili, vya kidung'ata ni vifupi, vimefichwa chini ya nta. Tazama macho: ya mwindaji ni makubwa, yamechomoza pembeni ya kichwa, mara nyingi mekundu. Tazama kama kuna mfuko wa mayai au nta inayoburutwa nyuma. Mtoto wa mwindaji hana. Na tazama mahali alipo. Wanyonyaji hukaa pamoja, wamebanana, vichwa vimeelekea shinani. Mwindaji yuko peke yake.

Wengine utakaowakuta

Kwenye kitambaa chako ataanguka pia kunguni muuaji wa ukoo wa Reduviidae. Huyu ni rahisi: ana shingo nyembamba, kichwa kirefu, na mdomo mfupi mnene uliopinda kama ndoana, wenye vipande vitatu tu. Ni rafiki wa miti lakini si wa vidole. Akichoma maumivu yake yanazidi ya nyuki. Yuko mmoja mkubwa, Platymeris, mweusi mwenye madoa mawili mgongoni, anayefika karibu sentimita nne. Huyo hutema mate yake ya sumu hadi sentimita 30, na yakiingia jichoni ni balaa. Msimwinamie kwa lupe. Mtieni kwenye chupa kwa kijiti.

Mwingine ni mdogo sana, milimita mbili au tatu, mweusi mwenye mabawa yenye vipande vyeupe: Orius na ndugu zake. Naye ana ile pembetatu ya bawa, kwa hiyo anaweza kukuchanganya, lakini ana vile vijicho viwili juu ya kichwa na hana kijumba kilichofungwa kwenye bawa. Ni mwindaji, mwache.

Hata hawa wadogo wanaweza kukudunga kidogo ukiwashika. Ni mchomo mwepesi, unapita. Usiwashike mkononi tu.

Ukishamtambua

Mti wenye mwindaji mmoja kwa kila tawi unalolipiga, mimi siupigi dawa yoyote. Nafunga uzi mwekundu kwenye matawi matatu, naandika tarehe, idadi ya ncha zenye vidukari na idadi ya wawindaji, kisha narudi baada ya siku saba. Mara nyingi juma la kwanza vidukari bado wanaongezeka, na hapo ndipo moyo hushindwa. Subiri juma la pili. Tawi ambalo vidukari wamezidi kabisa nalikata au naliosha kwa maji yenye sabuni kidogo, hilo tu, baada ya kulipiga juu ya kitambaa na kuwahamishia wawindaji tawi jingine.

Shughulikia sisimizi. Wao hula ule utamu, kwa hiyo huwalinda vidukari kama mchungaji na mbuzi wake, na humfukuza mwindaji. Ninafunga kitambaa kuzunguka shina, kisha juu yake napaka grisi nzito ya gari, upana wa kiganja. Grisi isiguse gome lenyewe. Matawi yanayogusa ukuta au waya nayakata, la sivyo sisimizi wanapita huko.

Na jambo la mwisho, ambalo nimebishana nalo na majirani wote wa barabara yetu. Tuna desturi ya kupaka mashina chokaa nyeupe, na ya kufagia majani yote ya kiangazi na kuyachoma. Mtaa unapendeza, nakubali. Lakini yule wa Kentucky huvuka baridi akiwa mkubwa, amejificha chini ya magome, na hapa kwetu Julai moja, asubuhi ya baridi kali, nilibandua kipande cha gome lililolegea kwenye mjakaranda na kukuta wawili wamelala wameshikana na gome, wanang'aa vilevile. Nilikirudisha kipande mahali pake na kukifunga kwa uzi. Sasa napaka chokaa upande wa barabara tu, ambao watu wanauona. Upande wa ndani nauacha na magome yake, na chini yake nina lundo moja la majani makavu ambalo mjukuu wangu amekatazwa kulichoma hadi mvua za Novemba.